Hati Kwanza, Geti Baadaye: Historia ya Rolling Hills, California



Nimeombwa kuzungumzia mitaa ya kifahari yenye geti, ile inayojengwa juu ya ardhi iliyokuwa malisho au mashamba makubwa. Afrika Mashariki mitaa hiyo si migeni: Runda, jijini Nairobi, ilikuwa shamba la kahawa, Karen vilevile. Hata hivyo nimechagua kuwapeleka California, kwa sababu huko kumbukumbu za ardhi zimehifadhiwa vizuri na tunaweza kuufuata mlolongo mzima wa kipande kimoja cha nchi, kuanzia siku za ng'ombe mpaka siku za walinzi.

Mji wenyewe unaitwa Rolling Hills. Uko juu ya rasi ya Palos Verdes, kusini-magharibi mwa Los Angeles, na sensa ya 2020 iliwahesabu wakazi 1,739. Ni mji kamili wenye baraza lake la madiwani, lakini barabara zake ni mali binafsi, na magari huingia kupitia mageti matatu yenye walinzi. Hakuna duka ndani yake, hakuna taa za kuongozea magari. Nyumba ni za ghorofa moja, za mtindo wa ranchi, na nyeupe kwa rangi. Viwanja vimezungushiwa uzio wa mbao wa fito tatu, nao ni mweupe. Kati ya viwanja zimepita njia za farasi, na masharti ya mji yanamtaka mwenye nyumba aache nafasi ya banda la farasi hata kama hajawahi kupanda farasi maishani mwake.

Mgeni anayefika pale hukodolea macho geti. Mimi naomba tuliache kidogo, kwa sababu lilikuja mwishoni. Mji huu ulijengwa na hati za ardhi, moja juu ya nyingine, kwa takriban miaka 150 kabla ya mlinzi wa kwanza kukaa kwenye kibanda chake. Na kila hati mpya ilipoandikwa, waliokuwa wakiishi au kulima juu ya ardhi hiyo hawakuulizwa.

Wa kwanza kutoulizwa walikuwa Watongva. Waliishi rasini na kando ya ghuba ya San Pedro kwa maelfu ya miaka, wakivua samaki, wakikusanya mbegu na njugu za mialoni, wakivuka bahari hadi kisiwa cha Santa Catalina kwa vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba na kuzibwa kwa lami. Watu wa Lamu na Pate, ambao wazee wao walishona mitepe, wataelewa haraka ujuzi uliohitajika. Misheni ya Wahispania ya San Gabriel ilianzishwa mwaka 1771, na baada ya hapo Watongva wakabatizwa, wakafanyishwa kazi, wakafa kwa wingi kutokana na maradhi ya wageni. Nchi yao ikahesabiwa kuwa mali ya mfalme wa Hispania.

Mwaka 1784 Gavana Pedro Fages alimpa askari mstaafu, Juan José Domínguez, kibali cha kuchunga mifugo katika eneo la ekari zipatazo 75,000. Eneo hilo likaitwa Rancho San Pedro, na rasi ya Palos Verdes ilikuwa ndani yake. Angalieni kwamba kilikuwa kibali cha malisho. Hakikusema wazi nani anamiliki nini, na hapo ndipo ugomvi ulipopata mlango. Ukoo wa Sepúlveda uliingiza ng'ombe wake upande wa rasi, wakakaa, wakashitakiana na kina Domínguez mbele ya magavana. Mwaka 1834, California ikiwa sasa chini ya Mexico, Gavana José Figueroa aliitambua haki ya kina Sepúlveda. Mwaka 1846 Pío Pico, gavana wa mwisho wa California chini ya Mexico, akaimega rasi na kuwapa José Loreto na Juan Capistrano Sepúlveda. Upimaji wa baadaye ulionyesha kuwa Rancho de los Palos Verdes lilikuwa na ekari 31,629.

Ranchi za wakati ule hazikuishi kwa kuuza nyama. Ng'ombe alichinjwa, ngozi ikachunwa na kuwambwa juani kwa vigingi, mafuta yakachemshwa kwenye masufuria makubwa ya chuma ili yatumike kutengeneza sabuni na mishumaa, na nyama nyingi ikaachiwa mbwa na ndege. Meli za Boston zilikuja kuchukua ngozi kwa ajili ya viwanda vya viatu. Sarafu zilikuwa adimu, kwa hiyo ngozi yenyewe ikawa fedha, na wafanyabiashara waliziita ngozi hizo noti za California. Richard Henry Dana, kijana aliyeacha chuo akawa baharia na kufika pwani hii miaka ya 1835 na 1836, alieleza katika kitabu chake jinsi walivyoyapita mawimbi wakiwa wamebeba kichwani ngozi zilizokakamaa, na jinsi upepo ulivyoweza kumtupa mtu majini pamoja na mzigo wake. Kazi ya kuchunga na kuchuna ilifanywa kwa kiasi kikubwa na wenyeji wa asili, wengine wakiwa wamezaliwa karibu na hapo hapo.

Kisha Marekani ikaitwaa California kwa vita, na mkataba wa amani ukatiwa saini mwaka 1848. Mkataba uliahidi kuheshimu mali za Wameksiko. Ahadi hiyo ilibomolewa na sheria ya ardhi ya mwaka 1851, iliyomtaka kila mwenye ranchi aende mbele ya tume akathibitishe kuwa ardhi ni yake. Naomba wanasheria walio hapa wautazame mzigo huo kwa makini. Aliyekuwa akiishi kwenye ardhi ndiye aliyegeuzwa mdai. Ramani za zamani zilichorwa kwa mkono, mipaka ikionyeshwa kwa vilima, mito na miti. Kesi ziliendeshwa kwa Kiingereza. Mawakili walilipwa kwa ekari pale fedha zilipokosekana, na fedha zilikosekana kwa sababu mikopo ilikuwa na riba ya kila mwezi. Kina Sepúlveda walishinda, lakini hati ya serikali ya Marekani ilitoka mwaka 1880, miaka 34 baada ya Pío Pico kutia saini yake. Katikati ya miaka hiyo yalikuja mafuriko ya 1861 na 1862, kisha ukame ulioendelea mpaka 1864 na kuua ng'ombe kwa maelfu kusini mwa California. Mtu akishinda kesi huku mifugo imekufa na madeni yamekomaa, ushindi wake unakwenda kwa wadai. Mwaka 1882 mahakama iligawa ranchi, na sehemu kubwa, ekari zipatazo 16,000, ikaangukia mikononi mwa Jotham Bixby, mfugaji wa kondoo kutoka Maine.

Sasa tufike mwaka 1913, mwaka ninaotaka mwondoke nao hapa ukumbini.

Miaka michache kabla ya hapo wakulima Wajapani walikuwa wameanza kukodi vipande vya ardhi kwenye miteremko ya rasi inayoitazama bahari. Hapakuwa na maji ya kumwagilia. Walilima kwa kutegemea mvua za majira ya baridi na ukungu unaopanda kutoka baharini asubuhi, na kwa namna hiyo waliotesha maharage, njegere, nyanya na shayiri mahali ambapo kabla yake palionekana pa kufaa kondoo tu. Mwaka 1913 bunge la California lilipitisha sheria iliyowazuia wageni wasioruhusiwa kuwa raia kumiliki ardhi ya kilimo, na Wajapani walikuwa ndani ya kundi hilo kwa sababu sheria ya uraia ya Marekani iliwakataa kwa rangi yao. Mwaka huo huo Frank Vanderlip, rais wa National City Bank ya New York, aliinunua rasi karibu yote, ekari 16,000, kwa dola milioni 1.5. Aliinunua bila kuiona. Alikuja kuikanyaga kwa mara ya kwanza mwaka 1916. Hivyo ndani ya mwaka mmoja, mtu asiyeijua ardhi hata kwa macho alipewa yote, na mtu aliyekuwa akiilima kila siku alinyimwa haki ya kumiliki hata tuta moja. Yote mawili yalifanyika kwa karatasi halali, zenye mihuri.

Vanderlip alikuwa na ndoto ya makazi ya matajiri kando ya bahari, akawaajiri Olmsted Brothers, kampuni ya wana wa msanifu wa bustani ya Central Park. Vita vya kwanza vya dunia vikaichelewesha kazi. Kilichofuata kilikuwa kidogo kuliko alichokiota: Palos Verdes Estates, yenye ekari zipatazo 3,200, ambayo viwanja vyake vilianza kuuzwa mwaka 1923. Barabara zilifuata mikunjo ya vilima, mbuga ziliachwa wazi, kila nyumba ilikaguliwa na kamati ya sanaa. Kwa macho ya mpangaji miji ni kazi nzuri sana, na ninasema hivyo kwa dhati.

Lakini fungueni masharti yaliyobandikwa kwenye hati za viwanja. Asiye mzungu hakuruhusiwa kununua, kukodi wala kuishi humo. Yalikuwapo maelezo ya wanaosamehewa: watumishi wa nyumbani, madereva na watunza bustani wanaoishi kwa waajiri wao. Sharti hilo lilifungwa kwenye ardhi yenyewe, si kwa mnunuzi. Kiwanja kikiuzwa mara kumi, sharti linahama nacho mara kumi, bila haja ya geti.

Msidhani hayo yalikuwa ya Marekani peke yake. Miaka hiyo hiyo, katika pwani yetu wenyewe, Kamishna wa ardhi wa serikali ya kikoloni alitangaza mnada wa viwanja mjini Mombasa kwa masharti kwamba Wazungu tu ndio watakaotoa zabuni, na kwamba Mhindi au Mwafrika asiishi katika nyumba zitakazojengwa isipokuwa kama mtumishi wa nyumbani. Mfanyabiashara Kaderbhai alipinga mahakamani. Kesi ilisafiri hadi Baraza la Mfalme huko London, na mwaka 1931 baraza likaamua kwamba Kamishna alikuwa na mamlaka ya kuweka masharti hayo. Linganisheni hati ya Palos Verdes na tangazo la Mombasa: mnazuiwa kuishi, mnaruhusiwa kutumika. Sioni dalili kwamba mmoja alinakili kwa mwingine, na kwangu hilo linazidi kutisha, maana linaonyesha kuwa watu wasiojuana walifika kwenye sentensi ile ile kwa kuwa walitaka kitu kile kile.

Mdororo wa uchumi ulipoanza mwaka 1929, viwanja viliacha kuuzika. Chama cha wakazi cha Palos Verdes Estates kilikuwa kikimiliki mbuga zake, kikashindwa kulipia kodi, na mwaka 1939 wakazi wakalazimika kuugeuza mtaa kuwa mji rasmi ili kuziokoa. Sehemu iliyobaki ya ardhi ya Vanderlip ilikabidhiwa kwa A. E. Hanson, msanifu wa bustani aliyekuwa amesanifu viwanja vya mwigizaji Harold Lloyd huko Beverly Hills. Kazi za matajiri zilikuwa zimekauka, naye akawa meneja wa kampuni ya ardhi.

Hanson aliielewa biashara yake. Alijua kwamba watu wa mjini, katika miaka ya shida, wangependa kununua kumbukumbu ya ranchi kuliko kiwanja. Akaacha mpango wa kasri za Kiitaliano akauza mashamba madogo yenye nyumba za chini, nafasi ya farasi na mandhari ya bonde au bahari. Mwaka 1936 chama cha wakazi cha Rolling Hills kilianzishwa, kikapewa barabara, njia za farasi na mamlaka ya kukubali au kukataa ramani za nyumba. Hapo sasa ndipo geti linapoingia katika hadithi. Barabara zikiwa mali ya chama, chama kina haki ya kumzuia asiyealikwa. Geti ni tokeo la umiliki wa barabara, na umiliki wa barabara umeandikwa kwenye hati.

Uzio mweupe na nyumba za mtindo wa ranchi ziliutangaza ufugaji uliokwisha miaka mingi nyuma. Aliyefanya kazi ya ardhi miaka ya 1930 hakuwa mchunga ng'ombe. Alikuwa Mjapani aliyekuwa akipanda maharage upande wa bahari wa rasi ile ile, na hakutajwa katika picha iliyouzwa.

Februari 1942, baada ya shambulio la Pearl Harbor, Rais Roosevelt alitia saini amri iliyoruhusu jeshi kuwahamisha watu wa asili ya Kijapani kutoka pwani ya magharibi. Wakulima wa rasi waliacha mazao shambani. Familia nyingi za eneo la Los Angeles zilipelekwa kwanza kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Santa Anita, zikalazwa kwenye mabanda yaliyokuwa yakikaliwa na farasi, kisha zikasafirishwa kwenye kambi za bara. Kwa kuwa walikuwa wapangaji, hapakuwa na hati ya kuwarudisha. Ni wachache tu waliorejea kulima rasini vita vilipokwisha. Sheria ya 1913 ilikuja kubatilishwa na mahakama kuu ya California mwaka 1952, wakati thamani ya ardhi hiyo ilikuwa imekwishapita uwezo wa mkulima yeyote wa maharage.

Masharti ya rangi nayo yalidhoofishwa hatua kwa hatua. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mahakama haziwezi kuyatekeleza, ingawa maandishi yenyewe yaliachwa yalivyo. Sheria ya nchi nzima ya kukataza ubaguzi katika uuzaji wa nyumba ilikuja 1968. Kati ya tarehe hizo mbili, mwaka 1957, Rolling Hills ikasajiliwa kuwa mji. Sababu ziko wazi: mji una mamlaka ya kisheria ya kuamua ukubwa wa viwanja na aina ya majengo, na hakuna jirani anayeweza kuumeza. Gharama ilikuwa nafuu, maana tangu mji wa Lakewood ulipoonyesha njia mwaka 1954, mji mdogo ungeweza kununua huduma za polisi na zimamoto kutoka serikali ya kaunti. Hanson mwenyewe alikuwa amehamia mradi mwingine, Hidden Hills, uliosajiliwa 1961 na ambao vijana wenu wanaujua kwa sababu ya nyota wa televisheni wanaoishi humo.

Hapo tunapata jengo ambalo kwangu linafundisha kuliko yote: ofisi ya mji wa Rolling Hills. Iko kwenye barabara ya Portuguese Bend, nje ya geti kuu. Vikao vya baraza la mji ni vya hadhara kwa sheria, na hadhara haina ruhusa ya kupita getini, kwa hiyo ofisi ya umma imebaki nje na mji uko ndani. Anayependa anaweza kuhudhuria kikao kinachojadili barabara asizoweza kuzitembelea. Ukubwa wa kiwanja, ekari moja au mbili kwa uchache kulingana na eneo, umefanya kazi iliyofanywa zamani na sharti la rangi, safari hii bila kumtaja mtu, kwa bei peke yake. Serikali ya jimbo sasa inailazimisha kila manispaa, Rolling Hills ikiwamo, kuonyesha katika mpango wake mahali ambapo nyumba za watu wa kipato cha chini zinaweza kujengwa. Naiona sheria hiyo kuwa ya haki, hata pale inapotekelezwa kwa shingo upande.

Lipo jambo moja ambalo hati hazikulizingatia, nalo ni ardhi yenyewe. Chini ya miteremko ya kusini ya rasi kuna tabaka la udongo wa bentonaiti, uliotokana na majivu ya volkano. Ukikauka hushika, ukilowa huteleza. Wanajiolojia wa serikali walikuwa wamechora kwenye ramani iliyochapishwa 1946 kwamba hapo pana maporomoko ya kale. Nyumba zikajengwa hata hivyo, nyingi zikitumia makaro badala ya mabomba ya maji taka, na bustani zikamwagiliwa mahali ambapo mkulima Mjapani alitegemea ukungu. Maji yote hayo yalizama. Mwaka 1956, kaunti ilipokuwa ikirefusha barabara ya Crenshaw, mteremko wa Portuguese Bend ulianza kusogea, ukaharibu nyumba zaidi ya 100. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maporomoko mengine, yaitwayo Flying Triangle, yaliharibu nyumba ndani ya Rolling Hills. Baada ya mvua kubwa za 2023 na 2024 mwendo uliongezeka sana, sehemu nyingine ikifikia futi moja kwa wiki. Kanisa la vioo la Wayfarers, lililosanifiwa na Lloyd Wright, likafunguliwa vipande vipande na kuhifadhiwa. Septemba 2024 gavana alitangaza hali ya dharura katika mji jirani wa Rancho Palos Verdes, na baadhi ya nyumba ndani ya geti la Rolling Hills nazo zikakatiwa gesi na umeme.

Swali la nani alipie uharibifu huo limekuwa gumu, na linatokana moja kwa moja na uamuzi wa 1936. Barabara ni za chama, kwa hiyo zikipasuka gharama ni ya chama. Mlipakodi anayekatazwa kupita juu yake anauliza kwa nini azitengeneze. Mkazi naye anasema maji na maporomoko ya ardhi hayatambui geti, na kwamba anailipia serikali kodi kubwa ya nyumba. Ninawahurumia wazee waliowekeza akiba ya maisha yao kwenye nyumba zinazopasuka kuta. Hata hivyo sidhani fedha za umma zinafaa kutumika bila umma kupata kitu, walau njia za miguu na za farasi kufunguliwa kwa wote.

Narudi nyumbani kwa neno la mwisho kwa wanafunzi wa historia. Shamba la mwandishi Karen Blixen, lililogeuka mtaa wa Karen, liliuzwa 1931 ili ligawanywe viwanja, mwaka ule ule wa hukumu ya Kaderbhai. Juu yake walikuwapo Wakikuyu waliokuwa wakiishi kwa kulilipia shamba siku za kazi, na walitakiwa kuondoka. Blixen aliwaombea wasitawanywe, na serikali ikawapa kipande cha hifadhi ya msitu wa Dagoretti. Ningependa mmoja wenu aifanye kazi hii: achukue hati za ugawaji wa shamba lile, kisha aende Dagoretti akawasikilize wajukuu wa waliohamishwa, aandike majina ya wazee wao, mahali nyumba zao zilipokuwa, na kiwanja gani cha leo kimekaa juu ya kila moja.